Ushahidi Uko Juu ya Nani? Haki ya Askari Walioingiwa na Sumu Vitani

 

Ndugu zetu wasomaji, kila mwanafunzi wa fikihi ajua kanuni iliyopokewa katika hadithi, na Imam Nawawi akaitia katika Arubaini yake, kwamba mwenye kudai ndiye atakiwaye ushahidi, na mwenye kukana ndiye atakiwaye kiapo. Kanuni hii ni nguzo ya hukumu, na lau isingekuwako, kila mtu angedai mali na damu za watu apendavyo. Lakini liko swali ambalo wanafunzi wetu hulirudia, nalo ni swali la haki: ikiwa ushahidi wote uko mkononi mwa anayedaiwa, na mdai hana ila mwili wake uliougua, je, atafanya nini? Je, sheria yaridhika aende zake hivi hivi?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa mfano wa mbali, nao ni mfano wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Tumeuchagua kwa kuwa umechunguzwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka arubaini, na kwa kuwa mtu huiona dhuluma upesi zaidi katika nyumba ya jirani kuliko katika nyumba yake mwenyewe.

Tangu mwaka 1962 mpaka mwaka 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza juu ya misitu na mashamba ya Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua majani. Makusudio yao yalikuwa mawili: miti ipukutike ili adui asipate pa kujificha, na mazao yafe ili adui asipate chakula. Zaidi ya nusu ya dawa hizo ilikuwa ile iitwayo Agent Orange, na jina hilo ni la mstari wa rangi ya machungwa uliopakwa katika mapipa yake. Dawa yenyewe ilichanganywa kwa dawa mbili za kuua majani, na katika kutengenezwa moja yao huzaliwa humo sumu iitwayo dayoksini, ambayo hata chembe yake ndogo sana yadhuru. Sumu hii haiyeyuki upesi kwa maji. Hushika udongo na matope, huingia katika samaki na bata, kisha hukaa katika mafuta ya mwili wa mwanadamu kwa miaka mingi.

Twataka msomaji asimame hapa kidogo. Katika Sura ya Baqara, aya ya 205, Mwenyezi Mungu amemtaja mtu ambaye akiondoka huenda katika ardhi kufanya ufisadi, akaviangamiza vitu viwili: mimea na vizazi. Wafasiri wetu wameeleza aya hii kwa njia nyingi, wala hatudai kwamba iliteremka kwa ajili ya ndege hizo. Lakini ni nani asomaye habari za Vietnam asishangae kuona viwili hivyo vimefuatana vile vile, mimea kwanza na watoto baadaye? Na Sayyidna Abubakar (r.a.), alipokuwa akiyaaga majeshi yaliyokwenda Sham, kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta, aliwakataza kukata miti yenye matunda na kuharibu mahali palipo na watu. Hayo aliyasema katika wakati ambao jeshi likiharibu shamba huliharibu kwa shoka, na shamba hilo huweza kupandwa tena mwaka wa pili.

Basi wale askari wakarudi kwao. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka kumi na minane na kumi na tisa, na wengi waliandikwa kwa amri ya serikali, si kwa hiari yao. Waliambiwa kuwa dawa ile haimdhuru mtu. Wako waliolala juu ya ardhi iliyonyunyizwa, na waliokunywa maji ya vidimbwi vyake, na waliojitengenezea majiko na masinki ya kuogea kwa mapipa matupu. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 wakaanza kuugua, huyu saratani, yule maradhi ya ngozi, na wengine wakazaliwa watoto wenye ila. Wakaiendea idara ya serikali inayoshughulika na askari wa zamani, wakaomba malipo ya ulemavu.

Wakajibiwa: leteni ushahidi.

Ushahidi gani? Askari atakiwe aonyeshe siku gani ndege ilipita juu yake, na kiasi gani cha dawa kilimwangukia, na kwamba saratani iliyomtokea baada ya miaka kumi yatokana na hicho wala si kitu kingine. Daftari za safari za ndege zilikuwa kwa serikali. Mapishi ya dawa yalikuwa kwa viwanda. Wataalamu wa kuipima sumu walikuwa kwa serikali au kwa viwanda. Yeye alikuwa na kadi yake ya jeshi na maumivu yake. Kwa miaka mingi idara ile haikukiri ila ugonjwa mmoja tu wa ngozi, ambao waitwa klorakne, na maelfu kwa maelfu ya madai mengine yakakataliwa. Wala hawakuweza kuishitaki serikali yenyewe, kwani mahakama kuu ya nchi ile ilikwisha amua tangu mwaka 1950 kwamba askari hana ruhusa ya kuidai serikali kwa madhara aliyoyapata katika utumishi wake. Wakaviendea viwanda. Mwaka 1984, asubuhi ile ile kesi iliyokuwa ianze kusikilizwa, viwanda vikakubali kutoa dola milioni 180 pasina kukiri kosa lolote. Mtu akisikia milioni hudhani watu wametajirika. Walipogawiwa askari na warithi wao wapatao 52,000, wastani wa fungu la mtu ulikuwa kiasi cha dola 3,800. Na liko gharama gani la saratani linalotoshwa na kiasi hicho katika nchi ile?

Katika watu waliosimama upande wa askari hao alikuwako Admeri Elmo Zumwalt, na habari yake ni ya ajabu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani katika Vietnam, na ndiye aliyeamrisha kingo za mito zinyunyizwe, kwa kuwa adui alijificha katika vichaka vile na kuwaua mabaharia wake. Mwanawe wa kumzaa alikuwa ofisa katika mashua zilizopita katika mito hiyo hiyo. Mwana akapata saratani, akafa mwaka 1988, umri wake miaka arubaini na miwili, na mjukuu akazaliwa na udhaifu wa kujifunza. Mzee yule hakuficha kuwa amri ilikuwa yake, na alisema kwamba amri hiyo iliokoa roho za mabaharia wengi. Hata hivyo akazikusanya tafiti zilizopuuzwa, na mwaka 1990 akampa waziri ripoti iliyoonyesha kuwa wataalamu wa serikali wameupima ushahidi kwa kipimo kisicho cha haki. Sisi twamhesabia hili kuwa jema, ijapokuwa hatuisifu vita yake. Wangapi miongoni mwetu, kosa likidhihiri katika nyumba zao, husema ukweli namna hiyo?

Kabla ya ripoti hiyo, mwaka 1989, hakimu mmoja alikwisha ivunja kanuni ya idara ile, akasema kuwa kutaka sababu ithibitike kwa yakini ni kutaka zaidi ya ilivyotaka sheria. Ndipo mwaka 1991 Bunge lao likapitisha sheria iliyogeuza mzigo. Tangu hapo, askari aliyetumika Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, akiwa na ugonjwa uliomo katika orodha, huhesabiwa kuwa ameingiwa na sumu na kwamba ugonjwa wake watokana na utumishi wake. Haulizwi tena siku wala ndege. Na wanazuoni wa sayansi wakaamrishwa kuitazama orodha hiyo mara kwa mara, nayo ikarefuka: saratani za mapafu na ya tezi ya kiume, kisha ugonjwa wa sukari, kisha mwaka 2010 maradhi ya moyo na ya kutetemeka, na kwa sheria ya mwaka 2022 shinikizo la damu likaongezwa.

Hata hivyo ubishi haukwisha. Mabaharia waliokuwa katika meli karibu na pwani waliambiwa kwamba hawamo, kwa kuwa hawakukanyaga nchi kavu kwa miguu yao. Fikirini, ndugu zetu, sisi watu wa pwani: maji ya mto yakishuka na matope yake, je, huishia ufukoni? Mabaharia hao walingoja mpaka mwaka 2019 ndipo mahakama na Bunge wakawapa haki yao, na wengi walikuwa wamekwisha zikwa.

Sasa turejee katika swali letu. Je, huku kugeuza mzigo wa ushahidi kwapingana na kanuni ya Kiislamu tuliyoitaja mwanzo? Twasema kwamba hakupingani nayo, na dalili zake zimo katika vitabu tunavyovisoma.

Kwanza, Qur'ani yenyewe imetusimulia katika Sura ya Yusuf jinsi ukweli ulivyojulikana kwa kanzu iliyochanika, imechanika mbele au nyuma, pasipo shahidi aliyeyaona mambo yalivyotendeka. Kwa sababu hii Ibn al-Qayyim katika kitabu chake At-Turuq al-Hukmiyya ameshikilia kwamba ushahidi ni kila kitu kinachoidhihirisha haki, si watu wawili tu. Twajua wako wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wasiokubali kuupanua mlango huu kiasi hicho. Lakini hao hao katika mlango wa qasama wameikubali lauthi, nayo ni dalili yenye kutia nguvu dhana, wakasema ikipatikana lauthi basi mdai ndiye aanzaye kuapa na kauli yake husikilizwa. Basi mzigo umegeuzwa na mafakihi wenyewe, tangu zamani, mahali ambapo hali ya mambo yamtetea mdai naye hana njia ya kuleta shahidi.

Na asili ya mlango huo ni kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Abdalla bin Sahl alikutwa ameuawa Khaibar. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w.), naye akawataka waape viapo hamsini. Wakasema, tutaapaje jambo tusilolishuhudia? Akawaambia kwamba Mayahudi wataapa kujiepusha. Wakakataa, kwani hawakuviamini viapo vyao. Basi ushahidi hapana, na kiapo hapana. Kwa kipimo cha wale makarani wa idara, kesi imekwisha na faili lifungwe. Lakini Mtume (s.a.w.) alichukia damu ya mtu ipotee bure, akalipa yeye ngamia mia. Yaani pale ambapo haki haina shaka kuwa ipo, ila mwenye kuilipa hakuthibiti, mkubwa wa watu ndiye aliyeubeba mzigo, hakumwachia mjane na yatima.

Atatokea mtu aseme: Nyinyi mwawalilia askari walioivamia nchi ya watu na kuichoma moto? Jawabu letu ni kuwa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida aya ya 8, ametukataza tusichukuliwe na chuki yetu kwa watu hata tukaacha uadilifu. Aliyeajiriwa akafanya kazi ya bwana wake ana haki juu ya bwana huyo, hata ikiwa kazi yenyewe twaichukia, na hesabu ya kazi hiyo ni jambo la pili. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amejifanya hasimu siku ya Kiyama wa mtu aliyemtumia mwajiriwa mpaka kazi ikatimia kisha asimlipe. Hakutaja dini ya mwajiriwa.

Lakini mwenye swali hilo amegusa penye jeraha kubwa zaidi, na hapa ndipo tunapowalaumu Wamarekani. Katika vijiji vilivyonyunyizwa, wataalamu waliokokotoa kwa daftari za ndege wamekadiria kuwa walikuwamo watu wasiopungua milioni 2.1, na huenda wakafika milioni 4.8. Hawa hawakuandikwa jeshini wala hawakupewa mshahara. Walikuwa mashambani mwao. Mwaka 2004 wenyeji wa Vietnam wakaviendea viwanda vile vile katika mahakama ya New York, na kesi ikasikilizwa na hakimu yule yule aliyeyasimamia mapatano ya mwaka 1984. Mwaka 2005 akaitupa kesi yao, akasema kwamba kuzitumia dawa zile wakati ule hakukuvunja sheria ya mataifa, na mwaka 2009 mahakama kuu ikakataa kuisikiliza. Ni kweli kwamba serikali ya Marekani imetoa fedha kusafisha udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, kazi iliyomalizika mwaka 2018, kisha ikaanza Bien Hoa, na hutoa msaada kwa walemavu wa nchi ile. Lakini msaada huo hauitwi fidia. Dhana iliyo njema kwa askari, ya kuwa aliyekuwako ameingiwa na sumu, haikufika kwa mwenye shamba aliyekuwako zaidi kuliko askari, na ambaye mpaka leo yuko.

Na mafundisho yetu katika hili ni wazi. Mwaka wa nane wa Hijra, baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid alipelekwa kwa Bani Jadhima, akawaua watu wasiostahili kuuawa. Mtume (s.a.w.) aliinua mikono yake akajitakasa mbele ya Mola wake na kitendo hicho. Hakuishia hapo. Alimpeleka Sayyidna Ali (r.a.) na mali, akawalipa diya za watu wao na thamani ya vitu vyao, hata chombo cha mbwa cha kunywea maji, kama ilivyo katika Sira ya Ibn Hisham. Yakabaki mali mkononi mwake, naye akawapa yote yaliyobaki, kwa ihtiyati ya yale ambayo huenda yamepotea wala hayajulikani, si kwake wala kwao. Aliporudi na kueleza, Mtume (s.a.w.) akamwambia amefanya vyema. Tazameni: hawakutakiwa wathibitishe bakuli la mbwa. Na waliolipwa walikuwa watu wa upande wa pili.

Sasa, ndugu zetu, tusidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Mwanzo wa miaka ya 1950 Waingereza walizijaribu dawa za jamii hiyo katika Tanganyika na Kenya, kwa kutaka kuangamiza vichaka vya mbung'o, na katika miaka hiyo hiyo wakazitumia katika vita vya Malaya, ambako askari wa KAR kutoka nchi zetu walipelekwa kupigana. Na hapa Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, sumu ikaingia katika damu za watoto. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikapandishwa mahakama baada ya mahakama, mpaka Mahakama ya Juu ikawaamulia mwaka 2024. Miaka hiyo ya kungoja ni ile ile ya askari tuliowaeleza.

Na miongoni mwetu wako wenye mashamba, na wenye maghala, na wenye kazi za kupulizia dawa ya mchwa na kunguni, wanaowapa vijana pampu mgongoni bila kinga ya pua wala mikono. Kijana akianza kukohoa na kutetemeka, huambiwa maneno mawili. La kwanza: hii ni kadari ya Mungu. Kweli ni kadari, na kumlipa nako ni kadari. Yule aliyeibiwa duka lake mbona haitaji kadari, huenda polisi? La pili, nalo ni baya zaidi, huambiwa kuwa ana jini, akapelekwa kwa mganga akatozwa kuku na ubani, na siku ambazo daktari angaliweza kuipima damu yake zikapita. Waganga hawa tumekwisha waandika mara nyingi katika kurasa hizi. Leo twaongeza kuwa wao, wajue wasijue, humfichia mwajiri ushahidi.

Kwa hivyo twawanasihi wafanyao kazi hizo waandike. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Baqara, kuandika deni dogo na kubwa, na afya ya mtu si ndogo kuliko deni la pishi ya mchele. Aandike siku aliyoanza kazi, na jina la dawa kama lilivyo katika kopo, na aliokuwa nao, na siku aliyougua, na aiweke karatasi ya hospitali. Askari wale walishinda kwa kadi zao za utumishi. Kibarua wa kwetu hupewa ujira mkononi, hana hata kijikaratasi.

Limebaki suala moja tuliloletewa na baadhi ya wenye mali. Wameuliza kama yafaa yale wanayompa kibarua aliyedhurika kwa kazi yao wayahesabu katika zaka, kwa kuwa amekuwa maskini. Jawabu: haifai. Alichodhurika kwa uzembe wa mwajiri, kwa kumnyima kinga au kumficha hatari ya dawa, ni dhamana juu ya mwajiri, nayo ni deni la mtu kwa mtu. Na zaka hailipi deni ambalo mtoaji mwenyewe ndiye adaiwaye. Anayetaka kumpa zaka na ampe baada ya kumlipa haki yake kamili, ikiwa bado ni maskini, na amweleze kuwa hii ni zaka na ile ilikuwa haki yake, ili asidhani kuwa amefanyiwa hisani kwa yote mawili. Na aliyekwisha fanya hivyo miaka iliyopita, zaka ya miaka hiyo ingali katika dhima yake. Wallahu aalam.